Maji Ndiyo Mali: Habari za Kaunti ya Maui

Katika lugha ya wenyeji wa visiwa vya Hawaii, maji huitwa wai. Neno hilo likitamkwa mara mbili, waiwai, maana yake huwa mali, yaani utajiri. Wazee walioipa lugha hiyo maneno yake hawakuwa na fedha wala benki. Walijua tu kwamba mwenye maji tele shambani ndiye tajiri, na aliyekosa maji hana kitu. Sisi tunaona kwamba habari zote za Kaunti ya Maui, za nchi yake, za watu wake na za serikali yake, zimo ndani ya neno hilo moja.

Jina la Maui liliwafikia wengi wetu mwezi wa Agosti 2023, ilipotangazwa kwamba mji wa Lahaina umeteketea kwa moto na kwamba waliokufa ni zaidi ya mia. Wako waliosema ni ajali, na wako waliosema ni kudra ya Mungu. Lakini kila moto una kuni zake, na kuni za moto ule zilikusanywa kwa muda wa karibu miaka mia na hamsini. Ndiyo sababu yafaa tuwaeleze wasomaji wetu nchi ile ilivyo, ni nani wanaoitawala, na watu wake ni watu gani, hasa wale walioletwa huko ili wafanye kazi kwa mikono yao.

NCHI ILIVYO

Hawaii ni kundi la visiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilometa 3,800 kutoka pwani ya California. Tangu tarehe 21 Agosti 1959 ni jimbo la 50 la Marekani. Jimbo hilo limegawanywa katika kaunti tano, na kaunti ni mfano wa wilaya yenye baraza lake na mkuu wake wa kuchaguliwa. Kaunti ya Maui ina visiwa vinne: Maui, Molokai, Lanai na Kahoolawe. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi 164,754. Karibu wote wanakaa kisiwa cha Maui chenyewe. Molokai ina watu elfu saba na ushei, Lanai elfu tatu na ushei, na Kahoolawe haina wakazi.

Kisiwa cha Maui kina ukubwa wa kilometa za mraba kama 1,880, yaani kinazidi Unguja kwa kiasi kidogo. Kimeumbwa na volkano mbili zilizounganishwa na uwanda mwembamba katikati. Upande wa mashariki uko mlima Haleakala, wenye kimo cha meta 3,055. Upande wa magharibi iko milima ya zamani zaidi, iliyochongwa na mvua ikawa mabonde yenye kuta za kutisha, na kilele chake, Puu Kukui, kina meta 1,764.

Karibu mwaka mzima huvuma upepo wa kaskazini-mashariki, wenye tabia kama kaskazi yetu. Upepo huo hubeba mawingu ya bahari, ukayagonganisha na milima, na mvua yote ikamwagika upande ule unaoelekea upepo. Puu Kukui hupata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kabisa duniani. Lakini ukishuka upande wa pili, mwendo wa kilometa kama kumi tu, unafika Lahaina, ambako mvua haizidi sana milimita 350. Wenyeji husema kwamba jina la Lahaina lina maana ya jua kali lisilo na huruma. Basi Mungu ameweka maji upande mmoja, na nchi tambarare yenye jua la kuotesha mazao upande mwingine. Mwenye uwezo wa kuyahamisha maji kutoka kule mpaka huku ndiye atakayekuwa bwana wa kisiwa.

UTARATIBU WA ZAMANI

Kabla ya wageni kuja, wenyeji walikuwa na utaratibu wao. Ardhi iligawanywa katika vipande vilivyoanzia kileleni mwa mlima na kuishia baharini, na kila kipande kiliitwa ahupuaa. Watu wa ahupuaa moja walikata miti mlimani, walilima bondeni, na walivua baharini. Zao lao kuu lilikuwa magimbi, waliyoyapika na kuyaponda yakawa uji mzito uitwao poi. Magimbi yao hutaka maji baridi yanayotembea. Kwa hiyo walichimba vijito vya kupitisha maji katika majaruba yao, kisha maji yakarudi mtoni ili jirani wa chini naye ayatumie. Mtu hakuweza kusema maji ni yake. Aliweza kusema tu kwamba ana zamu yake, na aliyekataa kushiriki kazi ya kusafisha vijito alipoteza zamu hiyo.

Lahaina yenyewe, ijapokuwa haina mvua, ilikuwa nchi ya kijani, maana mito ya milimani iliteremka mpaka pale. Kulikuwa na majaruba ya magimbi, misitu ya mishelisheli, na ziwa lililoitwa Mokuhinia. Katikati ya ziwa hilo kulikuwa na kisiwa kidogo, Mokuula, walipokaa wafalme. Tangu mwaka 1820 hivi mpaka 1845 Lahaina ndiyo iliyokuwa makao ya ufalme wa Hawaii. Wamisionari wa Kimarekani walifungua chuo cha Lahainaluna mwaka 1831, na humo mwaka 1834 likapigwa chapa gazeti la kwanza la visiwa vile, nalo lilikuwa la lugha ya wenyeji. Wasomaji wasidhani kwamba watu hao walikuwa gizani. Katika muda wa miaka michache wengi wao walijua kusoma na kuandika, na mwaka 1840 ufalme wao ulikuwa na katiba.

Balaa lilikuja kwa njia mbili. La kwanza ni maradhi. Tangu Kapteni James Cook alipotia nanga mwaka 1778, magonjwa ya kigeni yaliwaua wenyeji kwa malaki, na karne ile ilipokwisha walibaki 40,000 tu, pamoja na waliochanganya damu. La pili ni karatasi. Mwaka 1848 ardhi iligawanywa baina ya mfalme, serikali na machifu. Mwaka 1850 wageni wakaruhusiwa kununua ardhi, na raia wa kawaida wakaambiwa wapeleke madai ya vishamba vyao. Wengi hawakujua taratibu za madai, wengine hawakuwa na fedha za kumlipa mpima. Mwishowe raia wote kwa jumla walipata chini ya sehemu moja katika mia ya ardhi ya nchi yao.

MIFEREJI NA SUKARI

Miongoni mwa waliofaidika ni wana wa wamisionari. Samuel Alexander na Henry Baldwin, waliokua pamoja Lahaina, walianza kununua ardhi ya miwa mwaka 1869. Mwaka 1875 ufalme ulifanya mkataba na Marekani ili sukari ya Hawaii iingie huko bila ushuru, na mara bei ya kila shamba ikapanda. Lakini uwanda wa katikati ya Maui ulikuwa mkavu. Mwaka 1876 vijana wale walipata kibali cha serikali cha kuyachukua maji ya mito ya mashariki kwa kodi ya dola 100 kwa mwaka, nao wakachimba mfereji wa Hamakua uliokamilika mwaka 1878. Claus Spreckels, tajiri wa sukari wa California, alichimba wake. Mfereji ulifuata mfereji, na mahandaki yakatobolewa katika miamba, mpaka mito mingi ya mashariki ikawa inamwagika katika mashamba ya kampuni badala ya bahari. Wakulima wa magimbi waliokaa chini ya mifereji waliamka wakakuta mawe makavu.

Hatutaki kudharau kazi ile. Ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi, na waliokufa katika kuichimba hawakuwa wenye mashamba. Lakini mtu akishayashika maji hutaka na serikali. Mwaka 1887 kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba lilimlazimisha Mfalme Kalakaua, kwa nguvu ya bunduki, kutia sahihi katiba iliyompokonya madaraka na kuwanyima kura wenyeji wengi maskini. Tarehe 17 Januari 1893 Malkia Liliuokalani aliangushwa, na askari wa majini wa Marekani walikuwa wameshuka mjini Honolulu. Mwaka 1897 wenyeji zaidi ya 21,000 walitia sahihi barua za kukataa nchi yao isimezwe. Mwaka 1898 ikamezwa. Mwaka 1896 sheria ilikwisha kuiondoa lugha yao shuleni, na haikurudishiwa heshima ya kuwa lugha rasmi mpaka mwaka 1978. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliomba radhi kwa azimio rasmi. Radhi ilitolewa, lakini mifereji haikurudi ilikotoka.

WATU WALIOLETWA

Wenyeji walipopungua, wenye mashamba walitafuta mikono mingine. Wachina waliletwa tangu mwaka 1852, Wareno wa Madeira na Azores tangu 1878, Wajapani kwa wingi tangu 1885, watu wa Puerto Rico mwaka 1900, Wakorea mwaka 1903, na Wafilipino tangu 1906. Kila kabila liliwekwa katika kambi yake, na kwa muda mrefu lililipwa ujira wake. Mwaka 1909 Mjapani alipewa dola 18 kwa mwezi, na Mreno au mtu wa Puerto Rico dola 22 na nusu, kwa kazi ile ile. Hila hii haikuwa na siri: watu wasioelewana kwa lugha hawawezi kugoma pamoja.

Kila mfanyakazi alivaa kisahani cha chuma chenye namba, kilichoitwa bango. Kwa namba hiyo alilipwa mshahara, kwa namba hiyo alikopa dukani, na kwa namba hiyo mnyapara alimwita. Wasomaji wetu waliokulia karibu na mashamba ya mkonge watalikumbuka neno manamba, nalo lilitoka katika mtindo ule ule wa kumgeuza mtu tarakimu. Bahari mbili zatutenganisha na Maui, lakini mwenye shamba wa huko na wa huku walisoma kitabu kimoja.

Migomo ilikuja, na kwa miaka mingi ilishindwa kwa sababu ilikuwa ya kabila moja moja. Mwaka 1937 Wafilipino wa Puunene, katika uwanda wa Maui, waligoma chini ya kiongozi wao Antonio Fagel. Walipata nyongeza, lakini huo ulikuwa mgomo mkubwa wa mwisho wa kabila moja. Watu walikwisha kujifunza. Tarehe 1 Septemba 1946 wafanyakazi wapatao 26,000 wa mashamba 33 kati ya 34 ya visiwa vyote waliweka mapanga chini kwa siku moja, Mjapani na Mfilipino na Mreno, chini ya chama kimoja cha wafanyakazi wa bandarini na mashambani. Walipika chakula katika jiko moja, walivua samaki, waliwinda, na walikaa siku 79. Wenye mashamba walikubali. Mwaka 1951 wachuma mananasi wa Lanai, kisiwa ambacho James Dole alikuwa amekinunua mwaka 1922, waligoma peke yao kwa siku 201, wakashinda. Katika uchaguzi wa mwaka 1954 kura za watu hao na watoto wao ziliwaondoa madarakani walinzi wa mashamba waliotawala bunge la visiwa kwa nusu karne.

Tunayasema haya kwa urefu kwa kuwa ndiyo asili ya watu wa Maui wa leo. Hakuna kabila lililo na wengi kupita nusu. Wametoka kambini, wameoana, na wamejitengenezea lugha ya sokoni iliyochanganya Kihawaii, Kiingereza, Kireno, Kichina na Kijapani. Aliyekusudiwa kumchukia jirani yake akawa shemeji yake.

SERIKALI YA KAUNTI

Kaunti za Hawaii zilianzishwa mwaka 1905. Makao ya Kaunti ya Maui ni mji wa Wailuku, mlangoni mwa bonde la Iao. Humo mwaka 1790 majeshi ya Kamehameha yaliwashinda watu wa Maui, na husimuliwa kwamba mizoga iliziba mto. Mkuu wa kaunti ni Meya, anayechaguliwa kwa miaka minne. Baraza lina wajumbe tisa, wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kila mjumbe hana budi kukaa katika sehemu anayoisemea, lakini hupigiwa kura na wananchi wa kaunti nzima. Kwa njia hiyo Molokai na Lanai, ijapokuwa zina watu wachache, zina uhakika wa kiti kimoja kimoja, lakini mtu wa Lanai hawezi kumchagua mjumbe wa Lanai bila idhini ya wapiga kura wa Maui. Wako wanaoona kwamba utaratibu huu unaunganisha visiwa, na wako wanaoona kwamba unawameza wadogo.

Katika Hawaii yote hakuna halmashauri za miji chini ya kaunti. Baraza la Wailuku ndilo linalotunga sheria za ujenzi, ndilo linalotoza kodi ya ardhi na majumba, na ndilo lenye polisi, zimamoto na maji ya bomba. Shule haziko mikononi mwake, ziko chini ya jimbo zima. Na jambo kubwa ni hili: maji ya mitoni nayo hayako mikononi mwake. Mwaka 1973 mahakama ya juu ya Hawaii iliamua kwamba maji ya mito ni ya umma, na katiba ya mwaka 1978 ikaiamuru serikali ya jimbo iyatunze kwa faida ya watu. Tume ya maji ya jimbo, kwa sheria ya mwaka 1987, ndiyo inayopima haki ya mto. Kwa hiyo kaunti huuza maji ambayo mara nyingi huyanunua katika mifereji ya watu wengine.

Visiwa vidogo vinaonyesha mpaka wa madaraka hayo waziwazi. Tangu mwaka 2012 karibu sehemu 98 katika mia za ardhi ya Lanai ni mali ya mtu mmoja, Larry Ellison, tajiri wa kampuni ya kompyuta. Wakazi wanapiga kura kama raia wengine, kisha wanarudi katika nyumba, kazi na maduka ambayo mengi ni yake. Kahoolawe ilitwaliwa na jeshi la Marekani baada ya vita kuanza Desemba 1941, ikawa shabaha ya mabomu. Vijana wa Kihawaii walianza kuivamia kwa mashua mwaka 1976 ili wayazuie, na wawili wao, George Helm na Kimo Mitchell, walipotea baharini Machi 1977. Mabomu yalinyamaza mwaka 1990, na kisiwa kikarudishwa kwa jimbo mwaka 1994, kikiwa bado na vyuma vya hatari ardhini.

Na ndani ya Molokai, chini ya genge refu lililosimama kama ukuta, iko rasi ya Kalaupapa, ambayo ni kaunti nyingine kabisa, Kalawao. Hapo walitupwa wagonjwa wa ukoma tangu mwaka 1866, wapatao elfu nane kwa jumla, na hapo ndipo Padre Damien wa Ubelgiji alipowatumikia tangu 1873 mpaka naye akafa kwa ugonjwa huo mwaka 1889. Sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1969. Kalawao haina baraza wala meya wa kuchaguliwa. Ilikuwa na watu 82 mwaka 2020, na husimamiwa na idara ya afya ya jimbo.

KUNI ZA LAHAINA

Sasa turudi Lahaina. Mashamba ya miwa yaliyachukua maji ya mito ya magharibi kama yalivyochukuliwa yale ya mashariki. Majaruba yakakauka, mishelisheli ikakatwa, na ziwa la Mokuhinia, makao ya wafalme, likageuka kinamasi cha mbu. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilifukiwa, juu yake pakafanywa kiwanja cha mchezo.

Kisha sukari nayo ikafa. Kiwanda cha Lahaina kilifungwa mwaka 1999. Kile cha Puunene, cha mwisho katika Hawaii yote, kilimaliza mavuno yake Desemba 2016, na wafanyakazi wapatao 675 wakakosa kazi. Miwa ilipoondoka, mashamba hayakurudi kwa wakulima. Yalibaki matupu, na majani ya kigeni yakayatwaa. Mengi ya majani hayo ni ya asili ya bara letu la Afrika, yaliyopelekwa huko kuwa malisho ya ng'ombe. Mfugaji wa kwetu anayajua: masika hurefuka kuliko mtu, na kiangazi huwa kama karatasi. Huku yana wanyama wa kuyala na watu waliozoea kuyachoma kwa wakati wake. Kule hayakuwa na mlaji.

Tarehe 8 Agosti 2023 kimbunga kilipita mbali upande wa kusini, na upepo wa kasi ya zaidi ya kilometa 100 kwa saa ukateremka milimani. Nguzo za umeme zilianguka. Asubuhi moto uliwaka katika majani juu ya mji, wazimamoto wakauzima, wakaamini umekwisha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulieleza kwamba moto wa alasiri ulitokana na masalio ya ule wa asubuhi, uliowashwa na nyaya za umeme zilizokatika. Ving'ora vya hatari havikulia. Mabomba ya zimamoto yalikauka watu wakiyashika. Watu waliruka baharini, wakakaa majini kwa masaa mengi huku mji ukiungua. Waliokufa ni 102, majengo yaliyoharibika ni zaidi ya 2,200, na watu wapatao 12,000 walikosa makazi. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watu wa kambi za miwa, na Wafilipino waliotandika vitanda vya watalii.

Msomaji ataona kwamba hakuna mtu mmoja aliyeupanga moto huo. Aliyechimba mfereji mwaka 1876 hakuujua. Lakini mahali palipokuwa na ziwa, magimbi na vivuli vya mishelisheli pasingeungua vile. Kila hatua ilikuwa halali kwa karatasi yake, na kila hatua iliondoa maji kidogo na kuweka kuni kidogo.

YALIYOBAKI KUFANYWA

Watu wa Maui hawakukaa kulia. Wakulima wa magimbi wa mashariki walishtaki kwa miaka mingi, na Juni 2018 tume ya maji iliamuru mito kadhaa irudishiwe maji yake yote. Desemba mwaka huo mashamba ya miwa ya uwanda, eka 41,000, yaliuzwa kwa kampuni mpya ya kilimo, na mabishano ya mifereji yakauzwa pamoja nayo. Juni 2022 tume iliweka Lahaina chini ya uangalizi wake ili kila mtumiaji wa maji aombe kibali. Novemba 2022 wapiga kura wa kaunti walikubali katiba yao ibadilishwe, ziundwe mamlaka za maji za wananchi wenyewe. Kwa muda mrefu kibali cha maji hayo kilikuwa kimepewa kampuni, na sasa wananchi walisema: nasi tunataka kukiomba.

Baada ya moto lilizuka jambo la nyumba. Maelfu ya nyumba na vyumba vya Maui hukodishwa kwa watalii kwa siku au kwa juma, na waliounguliwa hawakupata mahali pa kulala ila kwa kodi ya kuvunja mgongo. Mei 2024 Meya Richard Bissen alipeleka pendekezo la kurudisha sehemu kubwa ya nyumba hizo kwa wakazi. Wenye nyumba, wengi wao wasiokaa Maui, walipinga, na wako wafanyakazi walioogopa kwamba mtalii akiondoka kazi nayo itaondoka. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mtu hali sheria. Hata hivyo Desemba 2025 Baraza lililipitisha. Utekelezaji utakuwa wa polepole, na mahakama bado zina mlango wazi.

Sisi tunaona somo la Maui ni hili. Mwaka 1946 wafanyakazi waliungana wakaushinda ujira mdogo, na mwaka 1954 wakaingia katika serikali. Ulikuwa ushindi wa kweli, na watoto wao waliishi vizuri kwa ajili yake. Lakini ardhi na maji vilibaki mahali vilipokuwa. Siku mwenye shamba alipochoka na sukari, aliondoka na hesabu yake, akawaachia mshahara uliokwisha, majani makavu na mabomba yasiyo na maji. Mgomo unaweza kumlazimisha bwana aongeze posho, lakini hauwezi kumzuia asilifunge shamba. Kwa hilo yatakiwa serikali, na serikali yenyewe iwe na kitu mkononi.

Leo Lahaina watu wanapanda tena mishelisheli, na wako wanaotaka ziwa la Mokuhinia lifukuliwe. Ni kazi ya miaka mingi, na haitawezekana kwa wapandaji peke yao, maana mti wa kwanza utataka maji, na maji yana mlango wake mlimani. Msomaji akitaka kujua kama watu wa kaunti hiyo wanafanikiwa, asihesabu hotuba wala hoteli. Na atazame katika mito ya Maui wakati wa kiangazi, kama maji yake yanafika baharini.